Konsoli Sebuleni kwa Dada

Jumatatu, 19 Januari

Dada Mwanahalima kaondoka asubuhi kwenda Bwejuu, arusini kwa mtoto wa shangazi. Anarudi Ijumaa. Kaniachia nyumba, kuku na maagizo. Nisisahau kufunga banda. Nisiinjike chungu nikaenda kulala. Nisiguse kitu sebuleni. Mwanamume wa umri wangu! Nimekaa Dar, nimefanya kazi ghalani mpaka wenyewe wakashindwa kwenda na kasi yangu.

Habari ya pili ni kubwa zaidi. Dada kaposwa. Jamaa anaitwa Haruni, fundi wa mashine za boti hapahapa Kilindoni. Mrefu, mkimya, ananuka dizeli hata siku ya Ijumaa. Washenga wanakuja tarehe thelathini baada ya sala, maana wanataka ndoa ifungwe ndani ya Shaabani, kabla ya Mfungo. Dada aliachika zamani, na tangu hapo kila anayebisha hodi anamjibu hapana. Huyu kamkubali. Sijui kaona nini.

Ami Muhidini, mdogo wa marehemu baba, kanipigia simu kutoka Kanga. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kama mtu anayetema kokwa. Kasema Haruni atahamia humu humu, nyumba ya baba, wala yeye hatakubali bwana arusi aje amlishe shemeji mzima mwenye ndevu. Kisha akasema hivi, nanukuu ili dunia imjue: "Siku hiyo nikija, nikukute una kazi ya kuonekana kwa macho. Nisipoiona, tunarudi wote Kanga. Minazi yangu ina majani mpaka kiunoni."

Kanga! Mimi! Kule habari ya mji ni kuku wa nani kataga wapi. Nitakufa kwa kuchoka kabla jembe halijaniua.

Lazima nibaki Kilindoni. Na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Naandika haya ili siku wakija kuniuliza nilianzaje, jibu liwepo.

Jumanne, 20 Januari

Nimepata.

Sebuleni, pembeni, juu ya meza, kuna kompyuta ya dada. Ile kubwa ya mezani, yenye kasha lake. Aliileta nyumbani alipofunga steshenari yake, mwenye fremu ya duka alipomtoa. Jioni anaifungua kuchapa mitihani ya walimu na kadi za arusi za watu. Mashine yenye nguvu ile inaandika "Familia ya Bwana na Bibi Fulani wanayo furaha"! Huo ni udhalilishaji.

Kumbe ukiichomeka kwenye televisheni kubwa, ukaitia programu maalumu, inageuka konsoli. Unakaa kochini, pedi ya kuchezea mkononi, unacheza mpira kama uko Ulaya. Hakuna meza, hakuna kiti cha ofisi. Vijana watajaa humu ndani mpaka barazani. Ami atakuta biashara, si kazi tu.

Tena nitamfundisha adabu jirani, mwalimu Evaristo. Huyu bwana wa bara ana pleistesheni, na kila Jumamosi anawaita watoto wa mtaa wacheze. Bure! Mtu anayefanya jambo bure ana lake.

Nimetazama video ya Mhindi mmoja mpaka bando likakata. Mhindi alisema kabla ya kuanza uhifadhi mafaili yako. Nikatazama mafaili. Mitihani ya darasa la sita. Kadi. Ratiba za vikao. Kadi tena. Takataka tupu. Nikafuta yote, roho safi kabisa.

Jioni mashine ikawaka na picha za gemu kubwa kubwa zikatandaa kwenye televisheni. Nilisimama nikajipigia makofi. Kuku wakashtuka.

Jumatano, 21 Januari

Konsoli bila pedi ni nini? Ni pambo. Nikaenda kwa Evaristo. Ana pedi mbili za ziada, kuukuu lakini nzima. Na watoto wake wameimwagia uji laptopu yao, vitufe vimekufa. Mara moja nikaona biashara. Nikampa kibodi na kipanya cha dada, akanipa pedi mbili.

Kaniuliza kama kweli sitaihitaji kibodi. Nikacheka. Akaniuliza tena. Nikamweleza polepole, maana walimu ni wazito: konsoli yenye kibodi si konsoli, ni ofisi. Akasema haya, jirani. Nimemwibia mchana kweupe.

Baadaye.

Nimewasha mashine. Skrini nyeusi, maandishi meupe ya Kiingereza. Nimeyasoma mara nyingi nikidhani nimekosea. Yanasema kibodi haionekani, bonyeza F1 ili kuendelea.

F1 iko kwenye kibodi!

Mashine inalalamika kwamba haina kibodi, halafu inanitaka nibonyeze kibodi ili mambo yaende. Aliyeitunga hii alikuwa na ugomvi na nani? Nimebonyeza kila kitufe cha pedi. Nimebonyeza viwili viwili. Nimebembeleza. Wapi.

Ikabidi niende kuazima. Evaristo kanipa kibodi, tena akajitolea kuja kunionyesha mahali pa kulizima lile onyo, lisirudi tena. Ng'o! Anataka aingie aone mitambo yangu akaige. Nimebonyeza F1 mwenyewe, nikamrudishia kibodi yake. Yangu. Yake.

Alhamisi, 22 Januari

Tatizo la leo lilikuwa heshima. Konsoli haiwezi kukaa juu ya meza kama mzani wa muuza dagaa. Sebuleni kuna kabati la vyombo la marehemu mama, lenye milango ya vioo, na ndani vikombe vya maua ambavyo sijawahi kumwona mtu akivinywea tangu nizaliwe. Vikombe nimevihamishia mvunguni mwa kitanda. Mashine nikaiweka kabatini, nikafunga vioo. Juu yake nikatandika kitambaa cha kufuma, kile kizito cha pinki. Nyumba yenye adabu haiachi kitu cha umeme uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, friji ina vitambaa viwili. Mashine yangu imekosa nini?

Ilipendeza. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni kuitazama.

Kheri wa bodaboda akaja na wenzake, wateja wangu wa kwanza. Kaskazi ya mwaka huu haina upepo, joto lilikuwa la kuivisha dafu mtini. Tukaanza mechi. Ninaongoza, tena kwa ustadi, puu! Skrini nyeusi. Mashine imezimika.

Kheri kagusa kioo cha kabati akavuta mkono, akasema humu unaweza kuchoma mkate wa mofa. Wenzake wakacheka. Kheri anajua nini? Pikipiki yake yenyewe anaiwasha kwa teke.

Kuiwasha tena: F1. Nimeenda kwa Evaristo. Nikarudi, mechi nyingine, puu! Nimeenda tena. Mara ya tatu mkewe alinikuta mlangoni, akaipenyeza kibodi dirishani bila kuniuliza ninataka nini.

Ijumaa, 23 Januari

Leo imezimika wakati kila mtu anatazama. Evaristo alikuwa barazani, kaja eti kusalimia. Kachungulia kabati, kasema jirani, mashine inakosa hewa, toa hicho kitambaa, fungua vioo. Hewa! Mashine si mbuzi. Nimemshukuru kwa sauti ambayo mtu mwenye haya angeielewa.

Halafu nikaketi nikafikiri. Kabla Evaristo hajaanza kupita barazani kwangu, mashine haikuwahi kuzimika. Tangu aanze kuitazama, inaanguka kila saa. Mtu mzima haelezwi mara mbili. Ni kijicho. Hasidi hana sababu.

Dada karudi jioni. Alisimama katikati ya sebule na mkoba begani. Kaliona kabati. Akaenda chumbani, akainama, akaviona vikombe vya mama mvunguni. Nikadhani sasa yatanimwagikia. Aliuliza kitu kimoja tu, kazi zake ziko wapi. Nikamweleza kuhusu maendeleo. Nilieleza kwa urefu. Katikati ya maelezo yangu akashika ile flashi anayoning'iniza kwenye ufunguo shingoni, akaikaza ndani ya kiganja, akaenda kutia udhu.

Hakukataa. Nimelichukua hilo kama idhini.

Jumamosi, 24 Januari

Dawa ya kijicho inajulikana. Dada alipokwenda sokoni nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka ubani wa kutosha, nikaingiza chetezo kabatini pembeni ya mashine, nikafunga vioo. Moshi ulijaa mule mpaka mashine haionekani. Nikaisomea niliyoyakumbuka. Feni yake ilikuwa inauvuta ule ubani kwa pupa, nikajua dawa inaingia mwilini.

Majirani wakasikia harufu. Ubani mwingi namna ile, asubuhi, nyumba iliyofungwa madirisha! Bi Somoe wa nyumba ya nyuma kaja kajitanda kanga, kaketi mkekani, kaanza kuniuliza kwa upole ni nani aliyetutoka. Nikamwambia hakuna, nafukiza kompyuta. Kajitanda kanga upya. Kisha akaniombea dua, lakini nadhani si ile niliyoitaka.

Nikafungua vioo moshi utoke, nikavua na kitambaa nikakung'uta. Nikawasha. Kibodi ya kuazima, F1, mechi. Mashine ikaenda mchana kutwa haijazimika hata mara moja! Kheri kafungwa mpaka kaomba maji. Nani alisema hewa? Ubani! Nilipohakikisha imepona nikarudisha kitambaa na kufunga vioo, isije ikaingia vumbi.

Ikazimika magharibi. Dozi imeisha. Kesho naongeza.

Jumatatu, 26 Januari

Biashara inakwenda. Vijana wanakuja, wanakaa, wanakunywa maji ya mtungi. Kulipa bado hawajaanza, lakini mteja kwanza mzoeshe.

Kero ni moja tu, F1. Kila kuzimika, safari ya kwa Evaristo. Watoto wake sasa wananiita Mjomba Efuwani. Malezi ya bara hayo.

Dada leo kaniuliza lini kibodi itarudi. Nikasema baada ya Ijumaa. Akasema walimu wanasubiri mitihani yao, na watu watatu wanataka kadi kabla ya Mfungo, keshawarudisha wote. Nikasema baada ya Ijumaa. Akasema ile mashine ndiyo iliyoilisha nyumba hii tangu baba afe, na mimi nikiwa ndani yake. Nikamwambia kachoka na safari, akapumzike. Bwejuu kuna jua kali sana.

Alikwenda akakaa uani. Alikaa huko mpaka adhana, hata kuku hakuwafukuza.

Alhamisi, 29 Januari

Kesho ndiyo kesho.

Ami kapiga simu kunielekeza. Kumbe mimi ndiye walii! Baba hayupo, mimi ndiye kaka mtu. Ami atasimamia mazungumzo kwa kuwa ni mtu mzima, lakini mimi ndiye nitakayekwenda ndani kumuuliza dada anataka mahari gani, kisha nitarudi niitaje mbele ya wageni. Bila mimi hakuna ndoa. Hebu mtu anieleze, walii wa kumwoza mke anapelekwaje kupalilia minazi?

Dada kapiga deki nyumba nzima. Kachemsha, kakaanga, kapamba. Kanisihi niitoe mashine kabatini, wageni wakute vikombe vya mama. Nimekataa kwa heshima. Ami anataka kazi ya kuonekana kwa macho, ataiona televisheni ikiwaka, picha za gemu zikipita, washenga midomo wazi.

Kuhusu F1 nimewaza kwa kina. Mashine inauliza kibodi wakati wa kuwashwa tu. Kwa hiyo isizimwe! Nimeazima kibodi jioni hii, nimeiwasha mashine, nimerudisha kibodi. Itakesha ikiwaka. Kwa tahadhari nimefungua vioo kidogo, ili ubani wa asubuhi upate njia. Mtu akiwa na akili, dunia inamtii.

Ijumaa, 30 Januari

Umeme ulikatika alfajiri.

Ulirudi tukiwa msikitini, mashine na televisheni zikajiwasha zenyewe. Niliporudi nyumbani nikiwa mbele ya wageni, kanzu imenyooka, kofia ya viua kichwani, niliyaona maandishi meupe kutokea mlangoni. Kibodi haionekani. Bonyeza F1 ili kuendelea. Makubwa, kwenye televisheni nzima.

Nikaruka ukuta kwa Evaristo, na kanzu yangu. Mlango una kufuli. Yuko shuleni, mke yuko kazini, kibodi imefungiwa ndani. Mwalimu gani anafanya kazi siku ya posa ya jirani?

Niliporudi washenga wameshaketi. Mzee Shamte, msemaji wao, kiti cha katikati. Haruni mwisho wa kochi, kwa mara ya kwanza hanuki dizeli. Ami Muhidini kainua pua, kauliza kwa nini nyumba ya posa inanuka ubani wa khitma badala ya udi. Nilitaka kuizima televisheni, lakini rimoti alikuwa ameikalia Mzee Shamte, na walii hawezi kumpapasa mgeni.

Mzee Shamte akauliza ile inasema nini. Nikasema inasema karibuni wageni. Akaishukuru. Haruni akaisoma, akanitazama, akainamisha kichwa. Yule mtu kumbe anajua Kiingereza, kakisoma kwenye vitabu vya mashine zake.

Mazungumzo yakaenda kwa ada yake, maneno ya kuzunguka, tumeona, tumependa, tumekuja. Ami akajibu. Kisha akanigeukia, akasema walii, nenda kamuulize dada yako mahari yake, utuletee neno kama lilivyo.

Nikapita pazia. Dada kakaa kitandani na leso mpya, Bi Somoe pembeni yake. Nikamuuliza. Hakufikiri hata kidogo. Kasema anataka msahafu, na kibodi ya kompyuta yake. Nikamwambia aache mzaha, watu wanangoja, wanawake wenziwe wanataja vitanda, wanataja dhahabu, wanataja cherehani. Kasema neno lake ndilo hilo. Haruni akitaka kumwoa, amrudishie kazi yake.

Sasa, kati ya kitanda na pazia kuna hatua chache, na katika hatua hizo nilipata wazo kubwa kuliko yote ya maisha yangu. Mahari haijadiliwi. Anachotaja mwanamke, mwanamume anatoa. Na nani anapeleka neno?

Nikatoka. Nikajisafisha koo. Nikasema dada yangu anaomba msahafu, na pleistesheni mpya yenye pedi nne.

Mzee Shamte kamnong'oneza Haruni kumuuliza ndiyo nini hiyo. Haruni alikuwa ananitazama mimi. Na nyuma ya pazia, mahali ambapo mwari wa siku hiyo hatakiwi kusikika hata kukohoa, dada yangu akasema:

"Mudrik. Nimekutuma msahafu na kibodi yangu uliyompa mwalimu. Kaseme hivyo, au nitoke niseme mwenyewe."

Ami kafumba macho. Nikasema. Nifanyeje? Nikasema msahafu na kibodi.

Mzee Shamte kauliza kibodi ni kitu gani. Haruni akanyoosha mkono kwenye televisheni, akamsomea yale maandishi taratibu kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma maagizo ya dawa. Kibodi haionekani. Mzee kayatazama, kanitazama, kasema kumbe hata mashine yenyewe imeshuhudia.

Haruni kavaa makubazi, katoka. Evaristo alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki ya Kheri. Wakarudi pamoja, kibodi na kipanya vimefungwa kwenye gazeti, Evaristo na chaki zake mikononi. Alipoambiwa ni mahari alikataa kurudishiwa pedi, kasema ni zawadi ya arusi. Haruni akafungua kabati, akatoa kitambaa, akaibeba mashine mpaka kwenye meza yake ya zamani, akachomeka kibodi, akabonyeza F1. Skrini ikaenda. Wazee wote wakasema alhamdulillahi kana kwamba wanajua kilichotokea.

Mahari imelipwa papo hapo, msahafu Haruni alikuwa nao mfukoni. Fatiha ikasomwa. Nilimsikia dada analia nyuma ya pazia, na Bi Somoe akimwambia basi mwanangu, basi, imerudi. Kwa kibodi! Mwanamke mzima!

Vikombe vya mama vilitolewa mvunguni vikaoshwa, kahawa ikanywewa humo. Ami alikunywa cha kwake akamaliza, akakiweka chini, akasema, "Mudrik, kazi yako nimeiona. Kafunge mzigo."

Haruni alimwomba nibaki. Alisema shemeji ni mtu wa nyumbani. Sikuhitaji huruma ya mtu wa dizeli, nikaenda kufunga mzigo.

Pedi ninazo mimi. Zote mbili. Sasa nani kamwibia nani?

Jumapili, 8 Februari. Kanga

Majani ni mpaka kiunoni kweli. Ami hakutia chumvi. Mgongo wangu hauna tena sehemu isiyouma.

Leo dada kapiga simu. Ndoa ilifungwa juzi Ijumaa, nilimwozesha mwenyewe nikarudishwa Kanga jioni ile ile, nyuma ya pikipiki ya Kheri. Dada kafungua steshenari pale pale sebuleni. Kasema walimu wamerudi, wenye kadi wamejaa barazani, na kila alichokifuta mtu fulani alikuwa nacho kwenye flashi. Kazi imemzidi. Haruni yuko baharini na mashine zake. Anataka mtu wa kukaa naye, apokee watu, apige fotokopi, afunge vitabu. Kasema kashazungumza na Ami na Ami kakubali. Chumba changu kiko vilevile. Kasema, "Rudi nyumbani, Mudi. Sina kinyongo."

Niliwasikia kuku wake nyuma ya simu, nikasikia watu wanabisha hodi. Nikajikuta nimeanza kukusanya nguo zangu, nadhani zilihitaji kufuliwa.

Halafu nikarudiwa na akili. Mimi nipige fotokopi! Nisimame kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa vya watu, nimwamkie Evaristo kila asubuhi akileta mitihani yake! Nimemwambia dada nashukuru, ila atafute mtu wa saizi hiyo. Mimi huku nina mradi. Kaniuliza mradi gani. Nikamwambia atausikia. Kasema haya, mdogo wangu, basi nimchukue Kheri. Kheri!

Watajuta. Kanga hakuna konsoli hata moja, soko lote liko wazi. Ami ana televisheni. Mimi nina pedi mbili. Kinachokosekana ni mashine tu, na hilo ni jambo dogo.

Ami ananiita. Anasema jembe langu ni lile lenye mpini mfupi.